Mifupa, mianzi na makaburi: jinsi akiolojia inavyobadilisha elimu ya khati ya Kichina

Wasikilizaji wetu wa pwani wanaijua khati kupitia maandishi ya Kiarabu: aya zilizoandikwa kwa ustadi juu ya milango, misikitini na ndani ya misahafu ya zamani. Wachina nao wana khati yao. Huandikwa kwa brashi ya manyoya na wino mweusi, na kwa karne nyingi wameihesabu kuwa sanaa ya juu kabisa, sawa na uchoraji au hata kuupita.

Kila sanaa kongwe ina masimulizi yake kuhusu nani aliianzisha, nani alivumbua kitu gani na kazi ipi ni ya bwana mkubwa. Kwa karibu miaka 2,000 wasomi wa China waliyapokea masimulizi hayo kutoka vitabuni. Kisha, kuanzia mwaka 1899, ardhi ilianza kutoa ushahidi wake. Baadhi ya yale yaliyoaminiwa yalithibitika, mengine yakaanguka. Katika makala hii tunaeleza ni vitu gani vilifukuliwa, vilisema nini na kwa nini ubishi mwingine haujaisha hadi leo.

Dawa iliyokuwa na maandishi

Karibu na mji wa Anyang, mkoani Henan, kuna kijiji kiitwacho Xiaotun. Wakulima wa hapo walikuwa wakilima wanakutana na vipande vya mifupa ya kale. Waliviuza kwa wenye maduka ya dawa za asili, ambako viliitwa "mifupa ya joka". Vilisagwa unga, wagonjwa wakanywa. Inasimuliwa kuwa mifupa yenye mikwaruzo ilikwanguliwa kwanza ili ilainike, kwa sababu wanunuzi hawakuipenda.

Mikwaruzo ile ilikuwa maandishi. Mwaka 1899 msomi mmoja wa Beijing, Wang Yirong, aliyebobea katika maandishi ya kale, aliitambua. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba alikuwa mgonjwa akaletewa dawa. Wengine wanasema alipelekewa mifupa na wafanyabiashara wa vitu vya kale. Kwa vyovyote vile, yeye ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuelewa thamani yake. Mwaka uliofuata, majeshi ya kigeni yalipoingia Beijing, Wang alijiua. Sehemu kubwa ya mifupa yake ilinunuliwa na rafiki yake Liu E, ambaye mwaka 1903 alitoa kitabu chenye nakala za vipande zaidi ya 1,000.

Wafanyabiashara waliificha sehemu ilikotoka mifupa hiyo ili waendelee kupata faida. Ilichukua hadi mwaka 1908 kwa msomi Luo Zhenyu kugundua kwamba chanzo ni Xiaotun. Kuanzia 1928 hadi 1937 wanaakiolojia walichimba hapo kwa utaratibu. Mwaka 1936 walikuta shimo moja lenye vipande zaidi ya 17,000. Hadi leo vimepatikana vipande vipatavyo 150,000.

Hayo yalikuwa maandishi ya ramli ya wafalme wa ukoo wa Shang, yaliyoandikwa kuanzia karibu mwaka 1250 KK. Mfalme alipotaka kujua kama mvua itanyesha, kama mavuno yatakuwa mazuri au kama mke wake atajifungua salama, waganguzi walichoma gamba la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe kwa moto, wakasoma nyufa zilizotokea. Swali, na mara nyingine jibu, vilichongwa juu ya mfupa huohuo.

Mifupa ilifundisha nini kuhusu khati?

Kwanza, ilionyesha kwamba vitabu vinaweza kukosea. Kamusi kongwe inayoheshimiwa sana China ni ya Xu Shen, iliyokamilika mwaka 100 BK. Inaeleza asili ya alama 9,353 za maandishi. Lakini Xu Shen aliishi zaidi ya miaka 1,000 baada ya Shang, na hakuwahi kuiona mifupa hiyo. Alama yenye maana ya "kufanya", kwa mfano, yeye aliieleza kuwa ni picha ya nyani jike. Mifupa inaonyesha kitu kingine kabisa: mkono wa mtu ukimwongoza tembo. Wakati huo tembo walikuwepo katika eneo la Henan, na mifupa yao imefukuliwa Anyang.

Pili, mifupa ilionyesha kwamba brashi ni ya kale kuliko ilivyodhaniwa. Masimulizi ya zamani yalimpa sifa ya kuvumbua brashi jemadari Meng Tian, aliyeishi karne ya 3 KK. Lakini baadhi ya mifupa ya Shang ina maandishi ya wino ambayo hayakuchongwa kabisa. Mtu aliyaandika kwa brashi, miaka kama 1,000 kabla ya jemadari huyo kuzaliwa. Mwaka 1954 ikapatikana brashi yenyewe katika kaburi mjini Changsha, ya zamani kuliko utawala ambao Meng Tian aliutumikia. Ilikuwa na mpini wa mwanzi na manyoya ya sungura.

Tatu, miandiko yenyewe ilitofautiana. Mwaka 1933 mwanaakiolojia Dong Zuobin aliigawa mifupa katika vipindi vitano. Alitumia majina ya wafalme, majina ya waganguzi, na pia umbo la mwandiko. Kipindi kimoja kina alama kubwa zenye nguvu, kingine kina alama ndogo zilizopangwa kwa unadhifu. Kwa hiyo hata katika maandishi ya kwanza kabisa ya China tunayoyajua, kulikuwa na watu wenye mkono wao, na mitindo ilibadilika kizazi hadi kizazi.

Kazi ya kuyasoma bado inaendelea. Kati ya alama tofauti zipatazo 4,500 zilizoonekana kwenye mifupa, zilizoeleweka ni karibu theluthi moja tu. Mwaka 2016 jumba la makumbusho ya maandishi lililopo Anyang lilitangaza zawadi ya yuan 100,000 kwa kila alama isiyojulikana ambayo mtu ataifafanua kwa ushahidi.

Karani aliyezikwa na sheria zake

Aina za khati ya Kichina ni nyingi, lakini tano ndizo kuu. Zhuanshu ni khati ya mihuri, yenye mistari ya mviringo. Lishu ni khati ya makarani, yenye herufi pana na mistari ya kulala inayokunjuka mwishoni kama mkia. Kaishu ni khati sanifu, inayofundishwa shuleni na kuchapwa vitabuni leo. Xingshu ni ile ya haraka kiasi, na caoshu ni ya mbio, ambayo asiyejifunza hawezi kuisoma.

Vitabu vya zamani vilisimulia kwamba lishu ilibuniwa na ofisa mmoja, Cheng Miao, aliyefungwa gerezani miaka 10 wakati wa Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China mwaka 221 KK. Akiwa kifungoni, walisema, alirahisisha khati ya mihuri, mfalme akafurahi na kumwachilia.

Mwishoni mwa mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, wakulima walikuwa wakichimba mfereji. Wakakuta makaburi. Katika kaburi namba 11 alilala karani wa serikali aliyeitwa Xi, na ndani ya jeneza, kando ya mifupa yake, kulikuwa na vipande vyembamba vya mianzi zaidi ya 1,100 vilivyoandikwa kwa brashi. Hivyo ndivyo vitabu vilivyokuwa kabla ya karatasi: vipande vya mwanzi vimefungwa pamoja kwa uzi na kukunjwa kama mkeka.

Vingi ni sheria. Moja inawahusu sana wakulima. Inaagiza maofisa wa wilaya watoe taarifa kwa maandishi kila mvua inaponyesha, waseme ni eneo gani la mashamba limefaidika, na vilevile watoe taarifa ya ukame, dhoruba na nzige. Wilaya za karibu zitume wakimbiaji wa miguu, za mbali zitumie wapokezanaji wa barua.

Sasa fikiria karani huyo. Ana taarifa ya mvua, ya ghala na ya ng'ombe wa serikali, zote za kuandika kwa mkono. Hana muda wa kuzungusha mistari ya khati ya mihuri. Ananyoosha mviringo, anakata kona, anaunganisha mistari miwili kuwa mmoja. Hivyo ndivyo mwandiko wa Shuihudi ulivyo: ni lishu changa, na sehemu ya maandishi hayo ni ya kabla ya China kuunganishwa.

Ushahidi mwingine ulipatikana kati ya 1979 na 1980 huko Qingchuan, mkoani Sichuan. Ni kibao cha mbao chenye sheria ya mipaka na njia za mashamba, cha mwaka 309 KK. Nacho kina dalili za lishu, karibu miaka 90 kabla ya mfalme huyo kuiunganisha nchi. Kwa hiyo lishu haikuzaliwa gerezani kwa akili ya mtu mmoja. Ilikua taratibu mikononi mwa makarani wengi wasiojulikana majina, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Mpito huo unaonekana pia katika makaburi ya Mawangdui, mjini Changsha, yaliyofukuliwa kati ya 1972 na 1974. Kaburi namba 3, la mwaka 168 KK, lilikuwa na vitabu vilivyoandikwa juu ya hariri. Kitabu cha mwanafalsafa Laozi kilikuwemo mara mbili. Nakala moja imeandikwa kwa mwandiko unaoegemea khati ya mihuri, ya pili kwa lishu iliyokomaa zaidi. Ukiziweka pamoja unaona khati ikihama kutoka hatua moja kwenda nyingine.

Ubishi wa Lanting

Mpaka hapa tumezungumzia makarani na waganguzi. Lakini akiolojia iligusa pia jina kubwa kuliko yote katika khati ya Kichina.

Wang Xizhi aliishi karne ya 4 BK na Wachina humwita bwana wa khati asiye na mfano. Kazi yake inayosifiwa zaidi ni dibaji aliyoiandika mwaka 353 mahali paitwapo Lanting, alipokutana na rafiki zake kunywa pombe na kutunga mashairi. Ina alama 324 katika mistari 28. Miaka karibu 300 baadaye mfalme Taizong wa ukoo wa Tang aliipenda kupita kiasi, na inasemekana alizikwa nayo mwaka 649. Zilizobaki ni nakala. Kila mwanafunzi wa khati amejifunza kwa kuziiga nakala hizo.

Mwaka 1964 na 1965, karibu na mji wa Nanjing, yakafukuliwa makaburi ya watu wa tabaka na wakati uleule. Mojawapo lilikuwa la Wang Xingzhi, binamu yake Wang Xizhi. Ndani yake kulikuwa na maandishi ya kaburi, na mwandiko wake ulikuwa wa pembe kali, mzito, bado una harufu ya lishu. Haukufanana hata kidogo na mwandiko laini na mwepesi wa Lanting.

Guo Moruo, aliyekuwa rais wa Chuo cha Sayansi cha China, akaandika makala mwaka huohuo wa 1965. Alisema kama ndugu wa Wang Xizhi waliandika hivi, basi dibaji ya Lanting si yake. Ni ya kughushi, iliyofanywa na mtu wa zama za baadaye. Fikiria uzito wa neno hilo. Kama ni kweli, basi kwa zaidi ya miaka 1,300 walimu na wanafunzi walikuwa wakiiga kazi isiyo ya yule waliyemheshimu.

Msomi na mwandishi wa khati aliyeishi Nanjing, Gao Ershi, alimpinga. Haikuwa rahisi kumpinga kiongozi mkubwa namna hiyo, na makala yake ilichapishwa baada ya suala hilo kumfikia Mao Zedong mwenyewe. Hoja yake kuu ilikuwa ya kifundi: maandishi ya kaburi huchongwa kwa patasi, na fundi hufuata mtindo wa heshima uliozoeleka kwa mawe. Barua au dibaji huandikwa kwa brashi juu ya karatasi, na mkono huenda upendavyo. Mtu mmoja anaweza kuwa na miandiko miwili, kama sisi tunavyoandika orodha ya sokoni kwa namna moja na barua ya kuomba kazi kwa namna nyingine.

Nani alishinda? Ardhi imeendelea kutoa ushahidi. Mwaka 1984, katika kaburi la jemadari Zhu Ran aliyefariki mwaka 249, zilipatikana kadi za mbao zenye jina lake, na mwandiko wake unakaribia kaishu. Mwaka 1996, katika kisima cha kale mjini Changsha, palipatikana vipande vya mianzi na mbao vipatavyo 100,000 vya ofisi ya serikali ya karne ya 3: kodi, mashamba, majina ya kaya. Humo kuna miandiko ya haraka ambayo imeshaiacha lishu, miaka zaidi ya 100 kabla ya Lanting. Tena karatasi zilizofukuliwa jangwani, katika magofu ya Loulan magharibi mwa China, zinaonyesha kwamba xingshu ilikuwa ikitumika kwa barua katika zama hizo.

Hivyo hoja ya Guo Moruo, kwamba mwandiko wa namna ile haukuwezekana wakati ule, imedhoofika sana. Lakini tuelewane vizuri: kuthibitisha kwamba kitu kiliwezekana si kuthibitisha kwamba kilifanyika. Vipande vya mianzi vya Changsha havitaji Lanting. Hakuna kazi hata moja ya mkono wa Wang Xizhi mwenyewe inayokubaliwa na wote kuwa ya asili, na kaburi kuu la mfalme Taizong halijafukuliwa na wanaakiolojia. China imekuwa na tahadhari ya kufungua makaburi ya wafalme tangu miaka ya 1950, lilipofunguliwa kaburi la mfalme Wanli karibu na Beijing na vitambaa vingi vya thamani vikaharibika baada ya kupigwa na hewa.

Kwa nini kitu cha ardhini kina nguvu kuliko nakala?

Kabla ya ufukuzi huu, mwanafunzi wa khati alitegemea nakala za mawe. Karatasi yenye unyevu hubandikwa juu ya jiwe lililochongwa, kisha hupigwapigwa wino. Palipochongwa panabaki peupe. Njia hiyo ni nzuri, lakini inaonyesha kazi ya patasi na mawe yaliyolika kwa mvua. Haionyeshi brashi ilikanyaga wapi, iliinuka wapi, na wino ulikauka wapi. Kipande cha mwanzi kinaonyesha yote hayo, hata pale karani alipokosea akakwangua kwa kisu na kuandika upya.

Faida ya pili ni tarehe. Kitu kikifukuliwa na mtaalamu, kinajulikana kilikuwa tabaka gani la udongo, kando ya nini, na nani kazikwa hapo. Kikiibwa na kuuzwa, ushahidi huo unapotea. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Tsinghua cha Beijing kilipokea vipande vya mianzi vipatavyo 2,500 vilivyokuwa vimetoka nje ya nchi kwa njia ya biashara. Vipimo vya maabara vilionyesha ni vya karibu mwaka 300 KK na vina vitabu vya thamani kubwa. Lakini kaburi vilikotoka halijulikani, na hakuna atakayejua vilizikwa na nani.

Mfano wa karibu nasi upo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba watafiti wakiongozwa na Mkenya, Chapurukha Kusimba, na Mmarekani, Sloan Williams, walifukua sarafu ya Kichina katika kisiwa cha Manda, Lamu. Ina tundu la mraba katikati na alama nne za kaishu zinazotaja enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Alama hizo nne zilitosha kusema ilitengenezwa enzi ya nani. Na kwa kuwa ilifukuliwa kwa utaratibu, watafiti wanajua ilikuwa mahali gani katika mji huo wa kale.

Kwa ufupi

- Mifupa ya Anyang, iliyotambuliwa mwaka 1899, ilirekebisha maelezo ya kamusi na kuonyesha kwamba brashi ina zaidi ya miaka 3,000.
- Mianzi ya Shuihudi na kibao cha Qingchuan vilionyesha kwamba lishu ilitokana na kazi ya makarani wengi na si mfungwa mmoja.
- Makaburi ya Nanjing yalizua ubishi wa Lanting. Mianzi ya Changsha na karatasi za Loulan zimeupunguza makali bila kuumaliza.
- Kitu kilichofukuliwa bila utaratibu hupoteza nusu ya habari zake.

Wengi waliogusa vitu hivi mara ya kwanza hawakuwa maprofesa. Walikuwa wakulima na vibarua wenye majembe, wakichimba mifereji na misingi. Wale wa Shuihudi walitoa taarifa, na dunia ikapata sheria za mvua na nzige za miaka zaidi ya 2,200. Mifupa mingine ya Xiaotun ilisagwa ikanywewa, na hakuna atakayejua iliandikwa nini. Ukichimba kisima au choo ukakutana na vigae, sarafu au kitu chenye maandishi, usikisafishe wala kukiuza. Kiache palepale, kipige picha kwa simu, kisha mjulishe kiongozi wa kijiji ili taarifa ifike Idara ya Mambo ya Kale kwa Tanzania, au Makumbusho ya Taifa kwa Kenya.